Heda Iliyokataa Injini

Kesi ilikuwa imekwisha kabla Inspekta hajamaliza chai yake, na hilo ndilo lililomkera.

Mshukiwa alikuwa mahabusu na alikuwa amekiri. Mlalamikaji alikuwa ameshatoa maelezo kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Mkuu wa kituo alishauliza faili linasubiri nini lisipelekwe mahakamani. Inspekta, mwanamke mrefu mwembamba ambaye askari wenzake walimbandika jina la Sindano kwa kuwa hupenya penye nguo nzito, alijibu kuwa linasubiri yeye alielewe.

"Mtu amesema ni yeye," Mkuu alisema. "Unataka aseme kwa kuimba?"

"Nataka aseme alivyofanya, afande. Yeye amesema 'ni mimi' tu, akanyamaza."

"Haya. Una leo."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana mchana Mzee Reli, dereva wa treni mstaafu, alikuwa akiendesha gari lake la zamani, mkewe kando yake, wakirudi nyumbani kutoka sokoni. Gari likaanza kuyumba taratibu kama mlevi anayeijua njia ya kwao, likaacha barabara na kujichomeka kwenye rundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Waashi walipofungua mlango walimkuta Mzee ameegemea usukani, midomo imekuwa myekundu isivyo kawaida. Mkewe alikuwa macho, lakini kichwa kinampasuka na miguu haimbebi. Waliwatoa wote wawili, wakawalaza hewani, wakaita gari la wagonjwa. Daktari alipopima damu alisema ni sumu ya moshi wa gari, ile isiyoonekana wala kunuka, inayomlaza mtu usingizi asiamke. Bibi alikuwa amefungua dirisha la upande wake. Mzee alikuwa na mafua, la kwake alilifunga. Mpaka asubuhi hii alikuwa hajazinduka.

Mtoto wao wa kiume, kinyozi mwenye saluni yake katika mji wa jirani, alifika jana jioni na hakwenda hospitali kwanza. Alipita gereji ya shemeji yake, kisha akaja kituoni.

"Mkamateni shemeji yangu," alisema. "Yeye ndiye fundi wa lile gari. Amelifunga heda, moshi wote ukaingia ndani. Na kuna mtu alimsikia akimwambia baba, 'Nitakuua, mzee.' Mnataka nini tena?"

Fundi alikamatwa akiwa hospitali, ameketi sakafuni nje ya wodi ya mkwewe. Hakubisha. Alipoulizwa alisema, "Heda niliifunga mimi. Nilikosea." Baada ya hapo akawa bubu.

Sindano alimeza chai iliyobaki, akatoka uani.

*

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya bati la kituo, boneti wazi. Mkaguzi wa magari, mtu mnene apendaye kuimba puani, alikuwa amekwisha kuifungua heda na kuilaza juu ya gunia. Ilikuwa mabomba manne ya chuma yaliyoanzia kwenye bapa moja, yakapinda pamoja kama vidole vinavyofumba, yakaishia kwenye mdomo mmoja. Kazi yake ni kupokea moshi unapotoka kwenye injini na kuukabidhi kwa ekzosi, ukatokee nyuma huko mbali na pua za watu.

"Mpya kabisa," alisema Mkaguzi. "Si ya kiwandani kwao, ni ya kutengenezwa pembeni. Na si mbaya! Chuma kizuri, kimechomelewa vizuri."

"Sasa ilivujaje?"

Alimwonyesha kwa kidole. Kwenye kichwa cha injini, kila tundu la moshi lilikuwa na umbo la yai. Mabomba ya heda yalikuwa duara. Kila duara lilikaa katikati ya yai lake, na pande zote mbili paliachwa upenyo. Kwenye penyo hizo masizi yalikuwa yamejipaka meusi, yametanuka kama mkia wa tausi.

"Bolti zimeingia zote," alisema Mkaguzi. "Hapo ndipo mtu anapodanganyika. Anaona imeshika, anasema imekaa. Moshi unapulizwa humu ndani, unapanda, unapita hapa." Aligusa mpira uliozunguka mti wa usukani pale unapoingia ndani ya gari. Ulikuwa umekauka na kupasuka kwa uzee. "Ndani, moja kwa moja."

"Kwa nini mtu anunue heda ya duara kwa injini ya yai?"

Mkaguzi alicheka, akamwonyesha bati dogo lililopigiliwa na kiwanda chini ya boneti. Kisha akaisugua kwa kitambaa namba iliyochongwa kwenye injini yenyewe. Hazikupatana.

"Injini hii si ya kuzaliwa nayo. Iliwekwa baadaye. Ni ya ukoo uleule, ila mkubwa wake. Ukisoma bati utaambiwa duara. Ukisoma injini utaambiwa yai."

Sindano aliinama. Hakutazama matundu sasa, alitazama nati zilizofungwa juu ya bolti. Kona zake zilikuwa zimeliwa, zimeviringika, nyingine zina makovu yanayong'aa.

"Hizi nati ni za zamani?"

"Mpya, zimekuja na heda. Zimeharibiwa kwa kufunga." Mkaguzi alipeleka macho huku na huku, akashusha sauti kwa heshima. "Samahani, Inspekta, sina jina lake jingine. Hiyo ni kazi ya spana malaya."

"Sema tu, mimi si mtoto. Ile ya kurekebisha mdomo."

"Ndiyo hiyo. Inakwenda na kila nati, haitulii na yoyote."

*

Gereji ya Fundi ilikuwa imefungwa. Mkewe, binti wa Mzee Reli, alikuja kuifungua akiwa na khanga begani na macho yaliyovimba.

"Baba yuko hospitali, mume mahabusu, na kaka yangu ndiye mshitaki," alisema akihangaika na kufuli. "Inspekta, mimi niende upande gani?"

"Kwa sasa simama hapa na mimi. Nionyeshe vifaa vyake."

Vilikuwa ukutani. Kila spana ilikuwa na msumari wake, na nyuma ya kila moja palichorwa kivuli chake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ukuta useme. Sindano aliipitia safu yote polepole. Hapakuwa na kivuli kitupu.

"Spana ya kurekebisha mdomo anaweka wapi?"

"Nani? Huyu?" Kwa mara ya kwanza mwanamke yule nusura atabasamu. "Amwone mtu nayo humu ndani, ni ugomvi. Anasema inakula kona za nati kama panya."

Kwenye meza ya kazi palikuwa na kipande kizito cha chuma cha kusubu, cheusi kwa kutu, chenye midomo minne ya umbo la yai. Ubavuni palikuwa na ufa mrefu uliochomelewa juzijuzi. Mchomeleo ulikuwa bado unang'aa, nusu umesawazishwa kwa tupa.

"Na hiki?"

"Hicho ndicho cha zamani cha gari la baba, wanakiita manifoldi, kilikaa pale palipo heda. Kilipasuka, gari likawa linapiga kelele kama trekta. Mume wangu alikwenda kukifungua kule nyumbani, gari akaliacha uani kwa baba, akaleta hiki akizibe."

"Akizibe akirudishe?"

"Akirudishe, ndiyo. Kwani mtu huziba ili atupe?"

Sindano alipitisha kidole juu ya mchomeleo. Mtu aliyekwisha kufunga heda mpya hasawazishi manifoldi ya zamani kwa tupa kwa subira namna ile. Aliomba wasikiguse, akatoka.

Jirani wa gereji alikuwa fundi viatu, amekaa mlangoni na soli mdomoni mwa koleo. Yeye ndiye aliyemsikia Fundi. Alipomwona Sindano alijiweka sawa.

"Mimi sikumsingizia mtu," alianza. "Nilichosikia nimesikia."

"Sikusema umesingizia. Walikuwa wanagombana kweli?"

"Sana. Mzee anasema, 'Ifunge!' Fundi anasema, 'Siifungi!' Mzee akasema, 'Mimi nimeendesha treni, hiki kigari kitanishinda?' Ndipo yule akapaza sauti. Halafu Mzee akatoka na yale mabomba kwapani, amenuna, hata salamu yangu hakuitika."

Sindano alisogea karibu. "Alitoka nayo? Heda?"

"Kwapani, kama mkate."

"Sasa niambie Fundi alivyosema. Usiongeze, usipunguze."

Fundi viatu alikuna kidevu. "Jirani wa upande wa pili alikuwa anakata chuma kwa mashine. Nilisikia '...takuua, mzee!' Mwanzo wa neno hilo ulimezwa na mashine."

"Kwa hiyo hukusikia 'nitakuua.'"

"Nilisikia 'takuua.' Kinyozi aliponiuliza akasema, 'Alisema nitakuua?' nikamwambia naam, kitu kama hicho." Uso wake ukaanza kubadilika. "Kwani ingekuwa nini?"

"Kabla ya hapo alisema neno gani? Kabla tu ya 'takuua.'"

Mtu yule alifumba macho. Midomo ikawa inapita juu ya maneno bila sauti.

"'Bomba,'" alisema. "Alisema, 'Bomba hili...' Mungu wangu. 'Bomba hili litakuua, mzee.'"

*

Mwenye duka la vipuri alijulikana mji mzima kwa jina la Mama Vipuri. Duka lake lilijaa mpaka darini, ila yeye alipita katikati ya mafungu bila kuangusha kitu. Heda aliikumbuka mara moja.

"Alikuja kijana mmoja nadhifu, ananukia saluni. Anataka kumnunulia babake zawadi. Nikamuuliza gari gani, la mwaka gani. Akanionyesha picha ya bati kwenye simu. Nikamuuliza tena: mwanangu, injini ni ileile ya kuzaliwa nayo? Akasema, mama, gari hili baba amelichukua likiwa jipya, mimi nimekulia humo. Basi nikampa ya duara, ndiyo halali yake kwa bati lile."

"Hakujua ilibadilishwa."

"Nani angejua? Magari ya zamani ni kama wajane, Inspekta. Usipouliza historia utaoa usichokijua." Alicheka mwenyewe. "Siku chache baadaye akaja fundi nayo. Nikadhani ni mkorofi. Akatoa mfukoni gasketi ya injini yenyewe, ile karatasi ngumu ya kuziba kiungo, kama mtu anayetoa picha ya mchumba, akaiweka juu ya midomo ya heda, hapa, juu ya meza. Gasketi yai, heda duara. Nikamwambia ya yai inakuja na mzigo ujao, nitakubadilishia. Akasema atasubiri, gari litembee na manifoldi ya zamani, ataiziba."

"Alisema ni ya nani?"

"Alisema, 'Ni zawadi ya shemeji yangu kwa babake, usimwambie kuwa ilikosewa.'"

Sindano aliyapanga aliyoyasikia pale pale kaunta. Fundi aliijua ile heda kwa kuipima. Aliikataa mbele ya mkwewe kwa kelele. Hakuwa na spana iliyozila zile nati. Sasa kwa nini akubali kosa asilolifanya?

Jina la kwanza lililomjia ni la Kinyozi. Mnunuzi asiyejua gari, mwenye haraka ya kuona zawadi yake ikinguruma, kisha akatafuta wa kumtupia lawama kabla hajaulizwa. Alimpata kwenye benchi nje ya wodi. Hakuzunguka.

"Heda uliifunga wewe?"

Kinyozi alishtuka kiasi cha kusimama. "Mimi? Inspekta, mimi nikishika kitu kizito kuliko mkasi mkono unatetemeka."

"Uliinunua wewe."

"Niliinunua! Ni zawadi. Baba alinipigia simu juzi amefurahi, anasema, 'Mwanangu, gari linaimba. Njoo Jumapili usikie.' Nikajua shemeji ameifunga." Alimtazama usoni. "Kwani heda ina nini? Inspekta? Si alifunga vibaya tu?"

"Keti," alisema Sindano kwa upole kuliko alivyokusudia.

Alimweleza: bati na injini, duara na yai. Alimweleza na lile neno lililomezwa na mashine. Kinyozi hakulia. Alishika kichwa kwa mikono miwili kama anayekishika cha mteja.

"Basi ni mimi," alisema.

"Bado sijasema ni nani. Mama yako anaweza kuongea?"

*

Bibi alikuwa ameketi kitandani kando ya mumewe, amevikwa gauni la hospitali lililompwaya. Mrija wa hewa ulikuwa puani mwa Mzee na kifua kinapanda na kushuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemfunga mkwe wangu?"

"Ndiye mimi. Na ndiye ninayetaka kumfungua. Nisaidie. Ile heda ilifungwa na nani?"

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hamjui? Huyu hapa." Alimpiga Mzee kofi dogo la begani, la mapenzi na hasira. "Alirudi nayo kwapani, akaingia chini ya boneti mchana kutwa, anazitukana nati kama zimemkosea adabu. Nikamwambia, subiri mwenye kazi yake aje. Akanijibu yeye ameendesha treni. Ana spana yake moja kubwa ya reli, ya kurekebisha mdomo. Hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu. Hata bomba la jikoni alilivunja nayo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Jana nilikuwa natapika. Leo kila anayeingia ananiambia pumzika."

Sindano alikaribia kucheka, akaomba radhi badala yake. Hakuna aliyemuuliza, na yeye akiwa wa kwanza.

*

Alimkuta Fundi kwenye chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza. Mikono mikubwa, safi kuliko ya mafundi wengi. Sindano aliweka nati moja iliyoliwa mbele yake.

"Hii uliifunga kwa kitu gani?"

Fundi aliitazama, akakunja uso kama aliyeonja kitu kibaya. "Spana."

"Spana gani?"

Fundi aliisukuma nati mbali kidogo.

"Huwezi hata kuitamka kuwa ni yako," alisema Sindano. "Nimeona ukuta wako. Nimeona manifoldi mezani, nimesikia gasketi yako ilisema nini kwa Mama Vipuri. Fundi viatu amekumbuka neno zima. Na Bibi ameongea. Sasa niambie, kwa nini unataka kufungwa?"

Fundi alifuta uso kwa kiganja.

"Mzee amezinduka?"

"Bado."

"Basi sikiliza, Inspekta. Waliponiambia ni moshi nilijua papo hapo. Nikajua zawadi ya shemeji ndiyo iliyomlaza. Na shemeji anampenda babake, ndiyo maana alipiga kelele vile. Mimi wakisema nimekosea kazi, nitapoteza wateja, pengine nitafungwa, nitatoka. Yeye akijua kuwa kwa mkono wake, kwa zawadi yake... Mzee akifa, yule atampoteza babake mara mbili."

"Na mkeo? Hukumfikiria?"

"Nilimfikiria. Ni kaka yake wa pekee." Aliigeuza ile nati kwa kidole. "Mimi nilikwenda kuposa pale sina mjomba wala shangazi wa kunisindikiza. Nilikulia kwa watu. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa ukoo, nina uongo wangu mzuri mdomoni. Mzee Reli aliniuliza swali moja: 'Umekula?' Nikala. Akanipa binti yake. Sasa hilo nalilipa kwa kitu gani, Inspekta? Ningejua, ningekwisha kulilipa."

Sindano alisimama akazunguka meza, akafungua mlango na kumwita askari wa zamu. Kisha akamgeukia.

"Umemdanganya afisa wa polisi. Hilo nalo ni kosa, na tutalizungumza siku yake. Vaa viatu vyako. Unakwenda hospitali, na safari hii utaketi kwenye kiti."

*

Walikuwa wodini wote, wamebanana kuzunguka kitanda, Mzee Reli alipofumbua macho. Kwanza alitazama dari, kisha mrija, kisha mkewe.

"Gari liko wapi?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Halina haya hili lizee," alisema Bibi, akaanza kulia kwa furaha mpaka khanga ya binti yake ikalowa.

Macho ya Mzee yalimfikia Kinyozi. "Uliisikia? Nilitaka uikute imefungwa, uisikie inavyoimba."

"Baba, ilikuwa si ya gari lile. Nilikosea kununua. Nusura nikuue."

"Wewe ulinunua. Kuifunga niliambiwa nisiifunge." Mzee alipumzika kidogo kutafuta pumzi. Alimtafuta Fundi, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akamnyooshea mkono wenye sindano ya dripu. "Njoo hapa. Ulinipigia kelele mbele ya majirani."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Siku nyingine nipigie kubwa zaidi. Upige na mguu chini." Akaushika mkono wake, akafumba macho tena, na safari hii ulikuwa usingizi tu. Mkono hakuuachia. Fundi alibaki ameinama hivyo hivyo mpaka mgongo ukamuuma, hakuna aliyethubutu kumwambia aketi.

Kinyozi alitoka nje ghafla. Sindano alimkuta kwenye korido, paji la uso limegusa ukuta.

"Alikubali kwenda jela kwa ajili yangu," alisema. "Na mimi ndiye niliyemleta kwenu. Nitamwangaliaje, Inspekta?"

"Gari bado halina heda," Sindano alisema. "Anzia hapo."

*

Faili lilifungwa: ajali, hakuna wa kushitakiwa. Mzigo wa Mama Vipuri ulipofika, Sindano alipita dukani kwa kisingizio cha kurudisha ile heda iliyokuwa kielelezo. Aliwakuta shemeji wawili kaunta, gasketi katikati yao kama sahani ya kushirikiana.

"Ni ya yai, tuichukue," Kinyozi alisema, ameshaikumbatia ya kwanza.

"Usimpende mtu kwa uso tu," alisema Fundi. "Matundu yamekubali, sawa. Hesabu ya bolti imekubali. Sasa geuza. Hili bomba la nyuma linapinda kwenda wapi?"

Kinyozi aligeuza, akafikiri. "Kulia... Hapa si ndipo unapopita mti wa usukani?"

"Haswa. Hiyo ni ya magari ya usukani upande ule mwingine. Ukiifunga itaunguza ule mpira, tutarudi kulekule. Mama, lete nyingine."

Ililetwa. Kinyozi aliweka gasketi mwenyewe, akafuata kila tundu kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayepima mstari wa nywele. Akapima mdomo wa mwisho dhidi ya bomba la ekzosi walilokuja nalo. Ukaingia bila kulazimishwa. Alimtazama Fundi.

"Umechagua wewe," Fundi alisema. "Nimekaa hapa tu."

Waliifunga siku ileile, mpira mpya kwenye mti wa usukani kwanza, kisha heda, spana zinatoka ukutani na kurudi kwenye vivuli vyake. Mzee Reli alikuwa ameletwa kwa kiti cha plastiki, amekatazwa kugusa kitu, na alikuwa anatii kwa shida. Injini ilipowashwa, Fundi alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kabla chuma hakijapata moto. Wote wakainama kutazama. Povu lilitulia. Halikutoa hata kiputo kimoja.

"Alhamdulillahi," Bibi alisema. Alimshika Sindano mikono yote miwili. "Mwanangu, ulikuja ukamchukua mmoja. Ungeweza kuishia hapo, watu wangekusifu. Mungu akuweke."

Sindano, ambaye kazini alizoea kushukuriwa na mahakimu tu, tena kwa kifupi, aliinamisha kichwa. Alisema ahsante na yeye, akasogea pembeni kufuta povu mkononi.

Kinyozi alikuwa ameviringisha tairi mpaka penye mwanga na kulilaza chini. Kutoka kwenye mkoba wake alitoa kitambaa cheupe, brashi na wembe mpya ambao bado ulikuwa kwenye karatasi yake. Fundi alikuwa hajanyoa tangu mahabusu, ndevu zimemwota kama magugu ya shamba la watu waliohama.

"Keti, shemeji."

"Mimi huwa najinyoa mwenyewe."

"Najua, inaonekana. Keti."

Fundi aliketi juu ya tairi, magoti juu, kitambaa kimefungwa shingoni. Kinyozi alimpaka povu taratibu, shavu hili, shavu lile, akamwinua kidevu kwa vidole viwili. Wembe ulipokaribia koo mkono wake ukaanza kutetemeka. Akauondoa, akavuta pumzi, akasubiri. Fundi hakusogea. Alifumba macho na kuliinua koo zaidi.

Mkono ukatulia.

"Kaa hivyohivyo, kaka," alisema Kinyozi, akaanza kazi.